Muulize Sista: Nimweleze mwanasaikolojia yote, au nichague?

Safu hii inajibiwa na muuguzi mstaafu wa afya ya akili wa hapa Dar es Salaam. Barua zimefupishwa, na vyote vinavyoweza kumtambulisha mwandishi vimeondolewa.

Sista, shikamoo.

Nina miaka 34, nakaa Tabata, ni mhasibu katika kampuni moja hapa mjini. Tangu nijifungue mtoto wa pili sijawa sawa. Usingizi unakata saa nane usiku, naamka moyo unakimbia, nalia bila sababu. Ofisini naikodolea macho kompyuta mpaka mwenzangu anigonge bega. Daktari alisema ni sonona, akaniandikia dawa ya kumeza usiku, akanipeleka kwa mwanasaikolojia. Ni dada mstaarabu, anasikiliza, hana haraka. Tatizo ni mimi.

Siku ya kwanza alinipa fomu yenye maswali kuhusu hali yangu kwa wiki mbili zilizopita. Swali la mwisho linauliza kama nimewaza heri nife, au kujidhuru. Nikaweka alama penye "hapana kabisa". Haikuwa kweli. Akaniuliza kama natumia pombe, nikasema situmii. Nalo si kweli. Nikitoka kazini napitia grosari iliyo karibu na kituo, nanunua waini ya bei rahisi, naimimina kwenye chupa ya chai ninayoendea nayo ofisini, nakunywa jikoni watoto wakishalala. Ni kila siku. Ukweni kwangu ni watu wa kanisa sana na mume wangu hajui.

La tatu ni mkopo. Nilichukua kausha damu nimsaidie mdogo wangu kulipia fremu ya biashara. Biashara ikafa, riba ikazaa riba, na sasa kadi yangu ya benki iko mikononi mwa mkopeshaji. Hilo pia mume wangu hajui.

Naogopa kusema kwa sababu binti wa mapokezi pale kliniki tunasali jumuiya moja. Tena natibiwa kwa bima ya ofisini. Je, niseme yote? Na kama naruhusiwa kuchagua, nianze na lipi?

Mama wa Wawili, Tabata

Marahaba, mwanangu.

Hapana, hulazimiki kusema yote, na hakuna mtaalamu mwenye haki ya kukudai yote. Unaruhusiwa kuchagua. Ila katika hayo matatu, mawili hayawezi kukaa hata wiki nyingine moja, na nitakwambia kwa nini.

Naanza na ile alama. Fomu uliyojaza naifahamu: maswali tisa, kila moja na visanduku vinne, kuanzia "hapana kabisa" hadi "karibu kila siku". Alama zinajumlishwa ili kujua uzito wa sonona, lakini swali la tisa, hilo la kufa, tunalitazama pia peke yake. Mgonjwa anaweza kuwa na alama ndogo kote, ila pale kwenye la tisa akiweka alama kisanduku cha pili tu, kalamu inawekwa chini na mazungumzo ya siku hiyo yanabadilika. Yako hayakubadilika, kwa sababu dada yule hakujua. Tangu siku hiyo anamtibu mama aliyechoka asiye na wazo lolote la kufa, na mama huyo siye wewe.

Ninajua kinachowafunga watu midomo hapo. Wanadhani ukitamka neno kufa utafungiwa wodini au ataitwa polisi. Ni kweli kwamba kujaribu kujiua bado kumeandikwa kuwa kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217. Mimi natamani kifungu hicho kiondolewe hata kesho, maana kinawanyamazisha watu ambao tungepaswa kuwasikia mapema kuliko wote. Lakini kifungu kinasema kujaribu. Kuwaza si kosa kwa sheria yoyote, na anayekwenda kliniki akasema "nawaza kufa" amekwenda kutibiwa kama aliyekwenda na homa.

Ukishamwambia, mambo yanakwenda hivi. Atakuuliza mawazo hayo yanakuja saa ngapi na mara ngapi, kama umefikia kupanga jambo, kama nyumbani kuna kitu ambacho ingefaa kiondolewe, na ni nini kimekushikilia mpaka leo. Usishangae akikuuliza wazi kabisa bila kuzunguka. Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo, na wengi niliowauliza mimi walishusha pumzi ndefu kabla hawajajibu, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Baada ya hapo wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Miadi inasogezwa karibu, dawa zinatolewa za siku chache, na mnachagua pamoja ndugu mmoja wa kuwa karibu nawe. Kulazwa kupo, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu hata wa kumlaza asiyetaka, ila huo umewekwa kwa aliye hatarini kweli. Kusema ukweli peke yake hakumfungii mtu wodini.

Kwa hiyo usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda kliniki kesho asubuhi, waambie unaomba kuonwa mapema kwa sababu kuna jibu kwenye fomu ulilokosea. Maneno hayo yanatosha kwa mtu wa mapokezi. Na mawazo yakikuzidi usiku, mwamshe mumeo au dada yako, nendeni kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu. Kutoka Tabata, Amana si mbali. Hutahitaji kueleza mkopo wala chupa ili uhudumiwe.

Sasa pombe. Hili ndilo linalofichwa kuliko yote, na wanawake ndio wanaolificha zaidi kwa sababu jamii inawahukumu mara mbili. Hukutaja jina la dawa unayomeza usiku, lakini dawa nyingi za sonona zinazomezwa usiku, amitriptilini ikiwemo, zinaleta usingizi mzito. Pombe nayo inaupunguza mwili kasi. Zikikutana unaweza kulala usingizi ambao mtoto analia pembeni na husikii, au ukaamka kwenda chooni ukaanguka, na zikizidi hata kupumua kunakuwa kwa shida. Mfamasia hakukuonya kuhusu waini kwa sababu kwenye karatasi yako imeandikwa hutumii.

Halafu ile saa nane yako ya usiku. Pombe inamlaza mtu haraka, lakini mwili ukishaanza kuimaliza usingizi unakatika, moyo unaenda mbio, jasho linatoka. Inawezekana kabisa unaamka kwa sababu ya ile chupa ya chai, na daktari asiyejua hilo ataona dawa haifanyi kazi, aongeze dozi. Ukinywa na dozi iliyoongezwa, hatari nayo imeongezeka. Uongo mdogo wa siku ya kwanza unaendelea kukuandikia dawa kila ukirudi.

Tafadhali usije ukasoma hapa ukaenda kuimwaga yote kwenye sinki leo jioni. Mtu anayekunywa kila siku akiacha ghafla anaweza kudhurika. Nilipokuwa wodini tulikuwa tunawapokea watu waliolazwa kwa jambo jingine kabisa, mguu uliovunjika, upasuaji, ambao walijibu "situmii" walipoulizwa. Siku ya pili au ya tatu unamkuta mikono inatetemeka hawezi kushika kikombe cha uji, shuka limelowa, anapangusa wadudu ukutani ambao hawapo. Wengine walianguka degedege. Ndugu waliokuwa pembeni walisema amerogwa akiwa hospitali, wakataka kumtoa. Kumbe ni mwili uliozoea pombe, umenyimwa. Kuna dawa za kumvusha mtu salama hapo, na zinahitaji daktari ajue kiasi: ni glasi ngapi, kila siku au siku baadhi, tangu lini, asubuhi unaanza kutetemeka au la. Mtajie kiasi cha kweli. Madaktari wengi wamezoea kupewa nusu.

Mkopo. Hapa ndipo unaweza kuchagua. Mwanasaikolojia anahitaji kujua kwamba kuna deni, kwamba linakukosesha raha na kwamba mume hajui, kwa sababu bila hilo mtazungumza kuhusu mtoto na usingizi miezi mizima na mzizi umebaki ardhini. Hahitaji jina la mkopeshaji, wala kiasi, wala jina la mdogo wako. Atakusaidia kupanga namna ya kumwambia mumeo na lini, na hilo sikushauri ulifanye peke yako wiki hii ukiwa na hali hiyo. Suala la kadi kushikwa na mtu ni la kisheria zaidi kuliko la kliniki. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na inafaa mtu akusaidie kuulizia kama wako anayo.

Ukiona la deni ni zito mno kwa leo, usilitungie hadithi. Mwambie: "Dada, kuna jambo la fedha linaloniumiza, bado siko tayari kulieleza." Mtaalamu mzuri hatakung'ang'aniza. Ataandika kwamba kuna jambo, atalisubiri, na hatakutibu kana kwamba halipo. Hii ndiyo nafasi ambayo wagonjwa wengi hawajui kwamba wanayo. Wanadhani ni ama kusema yote ama kudanganya. Ukinyamaza waziwazi, matibabu yanaendelea kwa uangalifu kidogo. Ukidanganya, yanaendelea kwa kujiamini kuelekea kusiko.

Na kama kinywa hakifunguki kabisa, andika. Chukua karatasi nyumbani, sentensi tatu: swali la tisa nilidanganya, pombe nakunywa kiasi hiki, kuna deni. Mpe asome, akishamaliza mwombe akurudishie uichane. Nimewaona watu wazima, wenye vyeo vyao, wakifanya hivyo huku wameangalia dirishani, na kikao kilichofuata kikawa ndicho cha kwanza cha kweli.

Yapo pia ambayo hukuyauliza na watu hawajui kwamba daktari anayahitaji, wakadhani ni umbeya. Kama bado unanyonyesha, sema. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango au unataka mtoto mwingine, sema, kwa sababu zipo dawa katika fani yetu, kama karbamazepini, zinazopunguza nguvu ya vidonge hivyo, na nyingine, kama valproeti, zinazoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kama uko kwenye ARV, sema hata kama kliniki ile ni tofauti na hii, maana dawa huingiliana. Kama kuna mjomba ambaye nyumbani hatajwi kwa sababu aliwahi kupelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, mtaje, jina lake si lazima. Na kama uliwahi kuwa na kipindi cha kinyume, siku nyingi hulali wala huchoki, unatumia hela ovyo, unaongea bila kituo, hilo liseme kabla ya jingine, kwa sababu kwa watu wa namna hiyo dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kuwapandisha vibaya.

Basi yapi ni yako kubaki nayo? Majina ya watu. Mambo ya chumbani, isipokuwa kama yamebadilika kwa sababu ya ugonjwa au dawa, au kuna anayekuumiza. Siri ya rafiki yako aliyokwambia wewe. Siasa zako. Umesali wapi. Ya utotoni ambayo hauko tayari kuyagusa, hata kama unahisi yana uhusiano. Hayo yana wakati wake, na wewe ndiye unayeamua ni lini.

Nije kwa binti wa mapokezi, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu nimekaa upande ule wa dirisha. Hofu yako si upuuzi. Dar ni kubwa kwenye ramani tu. Ukikaa benchi la kliniki yoyote saa moja, atapita anayemjua shemeji yako. Kinachomhusu yeye ni kadi yako, faili lako na tarehe yako. Yaliyosemwa ndani hayapaswi kufika kwake. Muulize mwanasaikolojia bila aibu: "Unaandika nini kwenye faili, na nani analisoma?" Muulize kama maelezo ya vikao anayatunza peke yake au yanaingia kwenye kompyuta ya hospitali nzima. Mwombe baadhi ya mambo ayaandike kwa kifupi. Muulize ni hali zipi zitamlazimu kutoa siri yako: kwa kawaida ni pale maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, pale mtoto anapoumizwa, au mahakama inapoamuru. Na kama ni hospitali ya kufundishia, ukiona wanafunzi wa makoti meupe wamejipanga ukutani, unaruhusiwa kuomba watoke. Hakuna atakayekunyima dawa kwa sababu hiyo.

Sheria iko upande wako. Faragha ya mtu imo kwenye Katiba yetu, ibara ya 16, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Ipo na Tume ya kupokea malalamiko. Lakini sheria inafika baada ya siri kuvuja, kwa hiyo kama kumuona yule binti kunakufanya udanganye kwenye fomu, hama. Muhimbili pana idara nzima ya afya ya akili, na Mwananyamala, Temeke na Amana nazo zinahudumia wagonjwa wetu. Nauli ya daladala mbili inastahili ukiweza kusema ukweli huko.

Bima: kinachoandikwa kwenye fomu ni jina la ugonjwa na huduma uliyopewa. Mazungumzo yenu hayamo. Ukipewa ED, yaani karatasi ya daktari ya kupumzika kazini, mwombe daktari aandike siku za mapumziko tu bila kueleza ugonjwa. Ofisi inahitaji kujua haupo na unarudi lini.

Niandikie tena baada ya kuonana naye. Ningependa kujua umelala vipi.

*

Sista, habari za kazi. Mwanangu ana miaka 22, anatibiwa akili hospitali moja hapa mjini. Alikuwa anavuta bangi, sasa nasikia na unga. Nampeleka mimi, nalipa mimi, lakini daktari ananitoa nje na hanielezi walichozungumza. Hivi karibuni alimtishia kaka yake kwa kisu. Sina haki ya kujua?

Baba, Mbagala

Baba yangu, pole sana. Kumpeleka, kumlipia na kukaa kwenye benchi ni upendo, na daktari anayekutoa nje hajakudharau. Kijana wa miaka 22 ni mtu mzima, na akijua kila neno linakufikia, atafunga mdomo kuhusu huo unga, nasi tunauhitaji sana ukweli huo.

Ila angalia: daktari amezuiwa kukueleza, hajazuiwa kukusikiliza. Hapa familia nyingi zinapoteza nafasi. Unayo ambayo kijana hawezi kuyasema: lini alianza kubadilika, analala saa ngapi, anaongea peke yake, anaacha dawa, nani katika ukoo aliwahi kuugua. Omba dakika chache, mbele ya mwanao ikiwezekana ili asidhani mnamsengenya, uyaeleze. Kisha muulize kijana mwenyewe akubali ujulishwe mambo machache tu: jina la dawa, dalili za kuangalia, tarehe ya kurudi. Wengi wanakubali kidogo wakiona hawalazimishwi kutoa chote.

Kisu ni habari nyingine. Hilo mwambie daktari leo, na kaka yake asilale chumba kimoja naye mpaka aonwe. Siri ya mgonjwa ina mpaka, na mpaka huo ni uhai wa mtu. Ipo kesi ya huko California, Marekani, iliyopewa jina la Tarasoff, ukoo wa msichana aliyeuawa. Kijana alimwambia mwanasaikolojia wa chuo kwamba atamuua msichana fulani. Mwanasaikolojia aliwaarifu askari wa chuo, wakamshika kidogo wakamwachia, na hakuna aliyemwonya msichana wala familia yake. Aliuawa mwaka 1969. Mwaka 1976 mahakama kuu ya jimbo hilo ikaamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda anayetishiwa. Ni sheria ya kwao, lakini wataalamu wa fani hii duniani kote wanaijua na wengi wanafuata busara yake. Kwenu aliyetishiwa anajulikana na yuko ndani ya nyumba, kwa hiyo msingoje mtu mwingine awaonye.

Kuhusu unga, kama ni heroini, Muhimbili walianza kutoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, mwaka 2011, na Mwananyamala na Temeke nako ipo. Anayekwenda pale haendi kushtakiwa. Mwambie hivyo kwa maneno hayo, maana vijana wengi wanaogopa kwamba kusema "natumia" mbele ya daktari ni sawa na kusema mbele ya polisi.

*

Sista, natumia dawa za hospitali, lakini pia shehe ananisomea na kunipa kombe, na bibi ameniletea mizizi ya kuchemsha. Nikimwambia daktari atanicheka?

Bi. Mdogo, Temeke

Akikucheka mtafute mwingine, mwanangu, ila wengi hawatakucheka, kwa sababu karibu kila mgonjwa anayekaa kwenye kiti kile amepita kwa shehe, mchungaji au mganga kabla ya kufika.

Kisomo hakigombani na vidonge. Endelea nacho kama kinakutuliza, ilimradi hakuna anayekwambia uache dawa ili kisomo kifanye kazi. Akisema hivyo, mweleze daktari siku hiyohiyo. Mizizi ndiyo yenye mashaka, kwa kuwa hatujui ina nini ndani na inapita ini na figo zilezile zinazopitiwa na vidonge vyako. Chukua kipande, kifunge kwenye karatasi, nenda nacho kliniki, sema unachemsha kiasi gani na unakunywa mara ngapi. Kombe nalo litaje, na wino wake umetengenezwa kwa nini kama unajua.

Na kama unafunga, sema. Wanaotumia lithiamu, dawa ya wenye hali inayopanda na kushuka, hasa wanatakiwa kuwa waangalifu, kwa sababu mwili ukikosa maji dawa hiyo inaweza kupanda kwenye damu mpaka ikadhuru. Dozi za dawa nyingi zinaweza kupangwa upya zikaangukia futari na daku, lakini hilo linahitaji muda wa kukuangalia. Nenda wiki mbili tatu kabla ya Ramadhani, usingoje mwezi uandame.